Jicho la Kukimbilia

Mama yangu alichoka na masomo yangu kuliko mimi mwenyewe. Siku nilipopata udaktari wa chuo alichinja mbuzi, akawaambia wamama wenzake wa kanisa: "Sasa njo mwisho!" Kisha nikamwambia nimepata kazi ya utafiti, ile wanayopewa watu waliokwisha kumaliza hayo yote, ya kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza kuona. Akashika kichwa.

"Yesu! Ungali unasoma tu? Na nani anajifunzaka kuona? Mutoto anafungua macho, anaona, bas!"

Laiti ingekuwa hivyo. Anayeona si jicho, ni ubongo. Ubongo wa mtoto ukikuta jicho moja linauletea picha mbovu, unalipuuza na kulisikiliza lile zuri peke yake. Lile lingine linabaki zima kwa nje, lakini kazi hakuna. Dawa yake si kubwa: unafunga jicho zuri kwa kitambaa, saa kadhaa kila siku, ili ubongo ushurutike kulitumia lile vivu. Ila ufanye mapema, kwa sababu mtoto akishakua, ubongo unakataa.

Kila mwezi nilitoka Butembo kwenda Beni kuwapima watoto wa utafiti wangu, katika chumba cha nyuma cha zahanati moja ya mtaa wa Beu. Ile barabara ilikuwa inanichosha hata kabla sijapanda gari, maana hukujua asubuhi kama jioni itakuwa wazi. Kati ya watoto hao alikuwapo msichana wa miaka sita. Mama yake alikuwa mkulima wa Eringeti. Walikimbia watu wa mapanga, wakapata kulala kwa ndugu hapo Beu. Kila nikimfunika jicho zuri na kumwonyesha picha, msichana alikuwa anaona ile kubwa tu, tena kwa kubahatisha. Mwezi ukiisha, vilevile.

"Unamufunga kila siku, mama?"

"Namufunga, dokta."

Mwishowe hasira zikanipanda. Nimekula vumbi la njia nzima, nimeonyesha vitambulisho kwenye kila kizuizi cha askari, halafu naambiwa uongo mchana kweupe! Nikamwambia: "Mama, hii jicho haiyafungiwa. Sema kweli."

Hakukasirika. Alijibu taratibu, kama mtu aliyechoka kuulizwa.

"Namufunga siku ya Mungu, kwa kanisa. Kule batu ni bengi, milango ni mikubwa, bababa banachunga inje. Kule naweza. Lakini kwa nyumba? Bakikuja, atakimbia na nini? Ile jicho haionake hata mulango."

Nilijua kanisa lao. Nusu ya ibada ni maombi, na kwenye maombi kila mtu anafumba macho. Mtoto alikuwa anafungwa jicho zuri saa ile ile anapoambiwa afumbe na lile baya. Nilitaka kucheka.

"Weye, dokta," akaniuliza, "mutoto wako ungemufunga, hapa?"

Sikuwa na mtoto.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa ng'ambo. Nilipomweleza kwa simu alisema familia haifuati masharti, msichana atolewe kwenye utafiti. Si mtu mbaya. Kwao mtoto akikimbia, anacheza. Nilimjibu sawa, nikakata simu, nikakaa pale pale kwenye benchi ya zahanati, nimechoka mpaka mifupa. Sawa, atolewe. Na jicho je?

Nikamwita mama wa msichana. Nikamwomba mtoto, niende naye kwetu Vulamba, ndani ya Butembo, ambako vita wakati ule tulikuwa tunaisikia kwenye redio zaidi kuliko mlangoni. Huyu mtoto alikuwa amembeba mgongoni kutoka Eringeti, na sasa namwambia amwachilie.

"Na ukimupoteza?"

"Sitamupoteza."

Kesho yake asubuhi akamleta, amefungiwa nguo zake ndani ya kitenge.

Mama yangu alimpokea vizuri, siku mbili. Ya tatu akanitazama akicheka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Akamwekea ungo wa maharagi. Ikawa ndiyo kazi yake: akitoka shuleni tunamfunga kitambaa, anakaa kwenye mkeka, anachambua maharagi kwa jicho vivu. Alikuwa analia. "Tanti," ananiita, "ni giza!" Nasi tulikula mawe. Mama yangu akiuma moja, anashika shavu: "Eh, meno yangu njo inalipia utafiti yako!" Lakini hakumwondolea ungo. Pole pole, mawe yakapungua.

Wakati huo barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mama wa Beu tulimsikia kwa simu tu, mtandao ukikubali. Msimu mzima wa maharagi ulipita.

Alifika mchana mmoja juu ya lori la mizigo, bila kutuambia. Aliingia kwenye lupango letu, ua wa nyumba, pamoja na wamama wawili majirani, wote wamejifunga vitenge, akaweka kidole mdomoni tusiseme neno. Msichana alikuwa kwenye mkeka, kitambaa usoni. Aliinua kichwa, akakiinamisha upande, akawatazama wote watatu.

"Mama," akasema, "ulikonda."

Mama yake alikaa chini, palepale kwenye udongo, akalia. Kweli alikuwa amekonda. Sisi wenye macho mawili tulikuwa hatujaliona bado. Halafu akamvuta mtoto, akamfungua kitambaa, akamshika uso kwa mikono yote miwili.

"Wasingya, Mungu," akashukuru. "Donc sasa, hata baharibishe moja, utabakia na ingine ya kukimbilia."

Nilitaka kumwambia jicho halikuumbwa kwa ajili hiyo. Sikumwambia. Nilikuwa nimechoka, na yeye hakuwa amekosea.