Tulivyofichana Mashimoni

Barakoa ni neno nililolijua juzi tu, wakati wa korona, na nililisikia redioni kabla sijalisikia kwa mtu. Hapa Kawangware watu walisema maski, wakamaliza. Nilishona maski hadi vidole vikaota sugu, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia nimshonee barakoa. Lakini maneno ya kuficha, ee, hayo watu wa Nairobi tunayo tele. Kuna kuvunga, yaani unajua lakini unajifanya hujui. Kuna kuzuga, na hiyo ina ujanja ndani yake, anayekuzuga anataka kitu kwako. Kuna kufunika: funika kombe mwanaharamu apite, na tukiwa na haraka tunasema "funika kombe" basi, methali yote imeeleweka. Kusitiri nilikuwa nalisikia kanisani tu, na kwa mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akiniletea vitambaa. Nilidhani ni kuficha ileile, ila imevalishwa nguo ya Jumapili.

Mimi ni mtu wa mdomo. Nakubali, wala sitaki kuombewa. Kwa hiyo mtu anisikie ninaposema kwamba kulikuwa na wiki ambazo sikuongea kwa sauti, na si kwa kupenda.

Wakati ule wa kura ya 2007 nilikuwa nikikaa Kibera, Mashimoni, kwenye ploti ya vyumba vya udongo na mabati. Mimi ni Mkamba wa Machakos. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mama Mjaluo aliyezidi umri wa mama yangu, mjane, muuza omena, vile visamaki vya ziwani. Ploti nzima tulimwita mathe. Yeye aliniita nyathina, ambayo kwao ni mwanangu, hata siku ambazo tumegombana juu ya maji machafu niliyomwaga mlangoni kwake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana mkubwa aliyefanya kazi kwenye duka la hardware pale Kawangware, kwenye stendi ya 56. Mathe hakuwa na simu. Kijana alikuwa akipiga kwangu, kila jioni, nami namwita mathe kwa kugonga ukuta.

Matokeo yalipotangazwa na moto ukaanza, mwanzoni sikuguswa. Vijana wa mtaa walikuwa wakitafuta Wakikuyu, kabila la rais aliyetangazwa. Lakini Kikamba na Kikuyu ni ndugu, na kwa mtu asiyejua, nikiongea kwa simu na watu wa nyumbani mimi ni adui tayari. Halafu ikasikika kwamba wanasiasa wakubwa wa kwetu wamekaa meza moja na serikali, basi, hukumu yangu ikapitishwa hapo. Mathe aliingia kwangu asubuhi hiyo bila hodi. Akanishika mkono, akanitoa, akafunga mlango wangu kwa kufuli kwa nje ili nionekane nimesafiri, akaniingiza kwake nyuma ya shuka iliyogawanya kitanda na jiko.

"Wewe mdomo kama redio ya kinyozi," akaniambia. "Leo uzime."

Vijana walikuja mchana. Niliwasikia vizuri, wengine nilikuwa nimewashonea suruali za shule.

"Mathe, sasa. Yule fundi wa cherehani ako wapi?"

"Si mmeona kufuli? Ameenda kwao kitambo."

"Tunasikia ako ndani ya ploti."

"Ndani ya ploti niko mimi na panya. Ingia basi uwashike. Na wewe wa mwisho huko, mama yako anajua umebeba panga? Wewe nilikupaka mafuta ukiwa na surua, leo unasimama mlangoni kwangu kama askari!"

Wakaondoka wakicheka kicheko cha aibu. Nyuma ya shuka nilikuwa nimejiuma mkono hadi ukaacha alama. Nilikuwa na hasira, jamani. Si woga peke yake. Hasira ya kufichwa kama kitu kilichoibwa.

Tukaishi hivyo. Akienda kuchota maji ananifungia kwa nje. Jioni kijana wake anapiga, nami nanong'ona, nampa simu, naye anaongea Kijaluo kwa sauti kubwa kunifunika. Barabara ya kwenda Kawangware ilikuwa imefungwa, kijana hakuweza kuja wala mama hakuweza kwenda. "Mwambie asitoke nje," mathe alikuwa akiniagiza kila mara, hata baada ya yeye mwenyewe kumwambia.

Siku moja simu ililia asubuhi, mathe akiwa kwenye kioski cha maji. Haikuwa sauti ya kijana. Ilikuwa ya mwenzake wa chumba.

"Wewe ndio ule fundi? Mathe ako hapo karibu?"

"Hayuko."

"Poa. Sikia. Jamaa ametuacha. Jana alitoka kuangalia kama duka imefunguliwa, vijana wa huku wakamuuliza kitambulisho, wakaona jina ni la Kijaluo." Akashusha sauti. "Usimwambie saa hii, tafadhali. Ngoja watu wa kwao wafike."

Hakuhitaji kuniambia. Kwetu Ukambani, na kwao ziwani vilevile, habari ya kifo haitupwi mtu usoni. Hatusemi amekufa. Tunasema amelemewa, tunasema uje nyumbani kidogo. Mwenye msiba anapewa kiti, anapewa maji, watu wanajaa kwanza, na mzee mmoja ndiye anayefungua kinywa. Sasa mimi nilikuwa nani? Mtu mmoja nyuma ya shuka, asiye na ruhusa hata ya kukohoa. Nikimwambia, nani atamshika? Nikaapa nitanyamaza mpaka nitoke, halafu nitafute mtu wa kanisa lake amwambie ipasavyo.

Mathe akarudi, akatua mtungi wa maji, akakaa karibu na mlango. Siku zote kitu cha kwanza kilikuwa, "Amepiga?" Siku hiyo hakuuliza. Mimi mwenyewe ndiye niliyeanza.

"Amepiga, mathe. Anakusalimia. Yuko salama, ni barabara tu."

Alivuta leso akajifunika kichwa hadi machoni. "Mrudishie salamu," akasema.

Hakula siku hiyo. Alisema jino linamuuma, nikampa karafuu aitafune, akaipokea akaiweka mdomoni. Akaniambia niongeze sauti ya redio. Jioni nikajifanya nimepigiwa, nikanong'ona na simu iliyozimwa, nikamwambia, "Amesema mtandao ni mbaya, hawezi kuongea na wewe." Nilivunga vizuri, Mungu anisamehe, hata nikacheka kidogo mwishoni kama tulivyokuwa tukicheka naye. Mathe alisema, "Sawa, nyathina." Kesho yake tena ikawa vilevile. Nilimwangalia akichochea uji wangu, mama asiyejua, mama wa mtoto mmoja. Nikajiambia, afadhali apate siku hizi mbili tatu za kuwa na mtoto.

Kisha mjomba wangu akapata pikapu ya kubeba mboga, akatuma ujumbe kwamba atapita kwenye barabara ya juu asubuhi. Mathe akatoa kanzu yake nyeupe ya kanisa, yenye msalaba mwekundu kifuani, akanivisha, akanifunga kitambaa chake kichwani, akanipa na kitabu cha nyimbo nikikumbatie. Akanikagua kama bibi harusi. Tulikata kupitia Soweto West, humohumo Kibera, tukiwa wawili, yeye akiimba wimbo wao polepole, mimi nikitingisha midomo tu. Vijana walikuwa wamekalia mawe njiani. Mmoja akasema, "Mathe, niombeeni." Akamjibu, "Anza wewe kwa kuosha uso." Tukapita.

Pikapu ilikuwa imesimama kando ya wanawake waliothubutu kurudi kuuza mboga za sukuma. Nilitaka kumwambia kitu. Alinisukuma mgongoni nipande, akagonga ubavu wa gari mara mbili, akamwambia mjomba, "Enda."

Gari halijashika mwendo nikamwona anafungua leso aliyojifunga kichwani. Akaweka mikono yote miwili utosini. Akapiga nduru.

Sijasikia tena sauti kama ile. Aliita jina la mwanawe. Akaanguka magoti kwenye vumbi, akaamka, akakimbia hatua chache akarudi, akaita tena, na wanawake wakaacha sukuma zao wakamkimbilia. Mimi nikaruka kutoka nyuma ya pikapu. Mjomba akapiga kelele, "Wewe! Una wazimu?" Muuza mboga mmoja alinishika bega, kwa kuona kanzu alidhani mimi ni wa kanisa la mathe.

"Mwache alie, dada," akaniambia. "Tulimletea habari ya kijana juzi, pale kwenye maji. Tukataka kumsindikiza nyumbani tulie naye, si unajua huku kwetu mama akipiga nduru mtaa wote unajaa kwake? Akatukatalia kabisa. Akatuapisha tusikanyage kwake. Anasema eti nyumba haijafagiliwa."

Mjomba alinivuta kwa kanzu akanirudisha garini. Nyumba ile nilikuwa nimeifagia mwenyewe, kila asubuhi, nikiwa nimeinama chini ya dirisha nisionekane.