Ekari Hamsini za Mateo Toyer

Verlene Toyer aliwapikia wanafunzi wa kaunti yao kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, watu walidhani atakaa barazani kumwagilia maua. Wapi! Kila Jumanne alishika njia ya mahakamani, akajifungia katika chumba cha hati za ardhi.

Huko Virginia, Marekani, upande wa ghuba, akina Toyer walipokezana habari moja: mzee wao wa kwanza, Mateo, alikuwa mtu mweusi huru, mwenye shamba lake, tangu enzi za kutawaliwa na wafalme wa Uingereza. Binamu yake Verlene, Cleon, hakuamini hata chembe.

"Dada, wazee walijikweza tu. Shamba lake wapi? Labda alilowalimia wenzake!"

"Cheka, meno ni yako," alijibu Verlene.

Miezi minane aliambulia vumbi. Katika orodha za wauzaji na wanunuzi, Toyer hakuwemo. Ndipo karani, Bi Hesper, alipomwonea huruma.

"Mwache mzee wako kwanza, mpenzi. Tafuta majirani zake. Hakuna shamba lisilo na mpaka."

Verlene akaanza kusoma mipaka ya watu, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yakamwasha. Siku moja, katika hati ya mjane fulani, akakuta: "kutoka mti wa mwaloni mweupe hadi kijitoni, kisha kufuata uzio wa Mateo Doya, Mweusi huru."

Doya! Kumbe mwandishi wa zamani aliliandika jina la Toyer alivyolisikia. Akafungua herufi D, na hati yenyewe ikajitokeza: mwaka 1668, ekari hamsini. Mateo hakujua kuandika, kwa hiyo mahali pa sahihi alichora jembe dogo, mpini wake umenyooka.

"Bi Hesper! Njoo umwone babu yangu!"

Jumapili, ukoo ulipokusanyika kula kaa na mkate wa mahindi, Verlene alisimama akasoma nakala yenye mhuri. Cleon aliomba arudie pale kwenye jembe. Akarudia. Akaomba tena.

Jumamosi iliyofuata walikwenda wote kijitoni. Siku hizi ni shamba la soya la mtu mwingine, naye aliwaruhusu kuingia bila maneno. Verlene alipiga hatua katikati ya soya, akaita kwa sauti iliyozoea kuita watoto mia tatu mezani:

"Mateo Toyer! Tumefika!"