Ng'ombe wa Mahari Alipokohoa

Masika yalikuwa yamefunika mashamba yote ya mpunga hapa Bujonde, na mwanangu wa mwisho alikuwa amebakiza ng'ombe mmoja tu mahari yake itimie. Tulimnunua mnadani, dume mchanga, akaletwa kwa lori huku mvua ikimpiga njia nzima. Asubuhi moja nilimkuta amenyoosha shingo, mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka upesi. Kamasi nzito zilimtoka puani. Kila alipokohoa, miguu ilimtetemeka.

Nilimpigia simu mtaalamu wa mifugo wa kata. Kabla hajafika, alitokea shemeji yangu mchinjaji, mdogo wa marehemu mume wangu.

"Shemeji, tumchinje angali amesimama. Tukiuza nyama, utapata pa kuanzia kununua mwingine. Ukingoja, utamzika pamoja na sala zako."

"Kisu chako kina njaa," nikamjibu. "Kaa chini."

Mtaalamu, binti aliyevaa mabuti ya mvua, alimpima joto, akatega sikio mbavuni, upande huu na upande ule. Akasema ni nimonia. Alituamuru tufungue turubai zote za banda na tuzime moshi wa pumba tunaofukizia mbu.

"Heri aumwe na mbu, apate hewa," alisema. Kisha akanigeukia. "Bibi, amua kabla sijavuta dawa kwenye sindano. Mkichinja, nitaikagua nyama, na huenda nikaikataa. Nikimdunga, anaweza kupona, anaweza kufa. Na hata akipona, haliwi mpaka upite muda wa dawa kuisha mwilini. Nitakuambia siku yenyewe."

"Wakwe wanakuja kumchukua Jumamosi hii!" shemeji akapaza sauti.

Mwanangu alinitazama. Niliinamisha kichwa. Sikuomba muujiza, niliomba tu hofu isiniamulie. Nikasema, "Mdunge."

Siku zilizofuata nilikaa bandani na kitabu changu cha nyimbo, nikihesabu pumzi badala ya kuimba. Binti alirudi kila siku na sindano yake. Jioni ya siku ya pili dume alilala, nikadhani ndiyo basi. Kesho yake nikamkuta amesimama, analamba mgomba niliomkatia. Nikasema ndaga, asante Mungu, mara nyingi kama mtoto.

Jumamosi wakwe walifika. Shangazi wa bibi harusi, mama mzito mwenye mwavuli, alimzunguka dume wetu.

"Mkwe, huyu ni ng'ombe au ni kamba mmeitundikia mbavu?"

Watu wakacheka. Shemeji akaninong'oneza, "Nyamaza, wampokee waende zao." Lakini nilijua desturi: ng'ombe yule angechinjwa kwao siku ileile, na watoto wangekula.

"Mkwe," nikasema, "alikuwa na nimonia. Amedungwa sindano, muda wa dawa haujaisha. Msimchinje, na msimchanganye na ng'ombe wenu bado."

Shangazi akafunga mwavuli wake polepole, ingawa mvua ilikuwa bado inadondoka.

"Ungeweza kutuficha."

"Ningeweza."

"Basi ng'ombe akae kwenu, na binti akae kwetu. Wote wawili wanenepe kwanza. Akipona sawasawa, mtatuita."

Shemeji alishika kichwa. Mwanangu aligeuka, akaufuata ukuta wa banda asionekane uso. Iliniuma, sitasema haikuniuma. Wakwe walikula wali, wakaaga kwa heshima, wakaondoka bila kupanga siku.

Walipopotea barabarani, mwanangu alichukua mundu.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kukata majani, mama. Huyu lazima ale."

Shemeji akasimama, akafunga kisu chake ndani ya gunia. "Ngoja, twende wote. Mkono wako mdogo, utamletea majani ya kumtosha sungura."