Nyumbu wa Maji wa Karbalai Merali

Madereva wa basi la barabara ya Bathurst, mjini Toronto, walimjua Alimohamed Merali kwa maswali yake. Alipanda kwa kadi ya wazee, akakaa kiti cha mbele, na kabla basi halijafika taa ya pili keshamuuliza jirani yake anatoka wapi, baba yake alifanya kazi gani, na kwao mvua hunyesha mwezi gani. Wengine walimjibu. Wengine walijitia visikizi masikioni. Yeye hakuona taabu. Aliteremka popote roho ilipomtuma, akazunguka, akarudi kwa basi jingine.

Alikuwa na miaka sabini na saba. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Kiponda, akaacha shule mapema, na alipofika Toronto mwaka wa sabini na nne aliingia kiwanda kimoja cha fremu za madirisha huko Weston Road, asitoke mpaka alipostaafu. Vitabu hakuvizoea. Watu ndio aliowasoma.

Basi siku moja, wiki tatu kabla ya Muharram, Zulfikar alimshika mkono mlangoni mwa kituo cha jumuiya ya Washia kule Bathurst. Zulfikar ndiye aliyesimamia sabili, ile meza ya kugawa maji siku za Muharram, kukumbuka kiu ya Imam Hussein na watu wake walipozuiliwa mto pale Karbala. Sabili hiyo ilikuwa ya ukoo wa kina Merali tangu Unguja. Babu yake Alimohamed ndiye aliyeianzisha, kwa mitungi na vikombe vya shaba. Sasa ilikuwa chupa za plastiki penye maegesho ya magari.

"Ami, mwaka huu tunataka kutundika ubao," Zulfikar alisema. "Jina la babu yenu na habari zake. Ukurasa mmoja tu. Si kitabu, nakujua wewe."

Alimohamed akaenda moja kwa moja kwa dada yake Masoomah, aliyemzidi miaka sita, na aliyetunza kila kitu cha ukoo pamoja na maneno yake.

"Andika," Masoomah alimwambia hata hajakaa. "Karbalai Merali alikwenda kuzuru Karbala mwaka wa kumi na sita, akakaa miaka mitatu, akarudi Unguja na udongo wa Karbala na tasbihi, watu wakambusu mikono bandarini, wakamwita Karbalai, yaani aliyezuru Karbala. Akaanzisha sabili. Nukta."

"Miaka mitatu, dada? Alikula nini miaka mitatu? Na huko vita vilikuwa vimewaka."

"Alikula alichopewa na Mola. We Ali, umeambiwa uandike, hukuambiwa uhoji."

Lakini alimruhusu kuchukua bati la biskuti. Ndani mlikuwa na ule udongo, ile tasbihi, na dua ya babu, karatasi iliyokunjwa na kushonewa ndani ya kitambaa cha kijani. Dua hiyo ilikuwa imepita juu ya vichwa vyao wote. Watoto walipanguswa nayo usoni siku ya mtihani. Alimohamed mwenyewe aliibusu siku ya kupanda ndege kuja Kanada. Hakuna aliyewahi kuifungua. Dua ya mtu haifunguliwi ovyo.

Alimohamed aliifungua kwa wembe, jikoni kwake, mchana kweupe, huku akiomba radhi. Alitaka kujua ni dua gani tu.

Haikuwa dua. Ilikuwa Kiingereza, kimepigwa chapa, na mihuri miwili. Aliisoma polepole, kidole juu ya kila neno. Jeshi la Mwingereza la Mesopotamia, ndiyo Iraki ya leo. Merali, mchunga nyumbu, safu ya maji. Ameandikwa kazi Bombay, 1916. Basra, Kut, Baghdad, Najaf. Ameachishwa kazi 1919. Tabia: nzuri.

Alicheka peke yake hadi akakohoa. Karne nzima ukoo mzima unapanguswa usoni kwa cheti cha kazi! Kisha kicheko kikamwisha, akabaki na maswali. Unguja babu aliendesha gari la punda bandarini. Kumbe alikwenda Bombay, akaandikwa kazi, akapewa nyumbu, yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi. Sawa. Lakini vita gani hivyo, na Najaf walifuata nini?

Akaenda maktaba ya mtaani, akaomba vitabu vyenye picha. Kila siku alikaa karibu na dirisha, akifunua. Aliona Mwingereza akitandaza reli katikati ya jangwa la Sudan. Aliona wapanda ngamia wake kwa Wasomali. Aliona bomba la maji lililovuka Sinai yote nyuma ya jeshi, maili baada ya maili, na wanaume wamesimama juu ya mchanga wakilitazama kama mnyama wa ajabu. Jambo hilo lilimshangaza Alimohamed kuliko mizinga. Jangwani huyu bwana hakutangulia na bunduki, alitangulia na maji. Na maji hayatembei peke yake: kuna ngamia, kuna nyumbu, kuna viriba vya ngozi, na pembeni ya kila nyumbu kuna mtu aliyeshika kamba, ambaye jina lake halimo kitabuni. Alizichungulia picha za Mesopotamia kwa kioo cha kukuzia, moja moja. Wachunga nyumbu wote walikuwa wamefunga vilemba na wote walikuwa wembamba. Yeyote angeweza kuwa babu.

Kuhusu Najaf hakupata kitu. Akamkumbuka Sahib, Mwiraki mwoka mikate wa barabara ya Lawrence, ambaye siku moja alimwambia kwao ni Najaf. Akapanda mabasi mawili.

Sahib alikuwa akichomoa mikate kwenye tanuri. Walizungumza Kiingereza chao, cha kuokoteza, wote wawili.

"Mwingereza, Najaf? Huo ni mwaka wa kumi na nane," Sahib alisema. "Bibi yangu alikuwa msichana. Watu wa mji walimuua ofisa wa Kiingereza. Mwingereza akauzunguka mji kwa waya, siku arobaini na kitu. Hapiti mtu, haupiti unga. Maji akayakata. Sisi tuko ukingoni mwa jangwa, rafiki yangu, visima vyetu ni vya chumvi. Bibi alisema watoto walilamba kuta za mitungi."

"Na askari waliouzunguka mji?"

"Wao walikunywa. Waliletewa kwa nyumbu. Bibi aliwaona kutoka darini, nyumbu wanapita na viriba vimejaa, vinadondoka." Akamtazama. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu," Alimohamed alijibu. Akanunua mikate asiyoihitaji, akatoka.

Kwenye basi hakumuuliza mtu swali hata moja. Najaf ni mji wa Imam Ali, aliye baba yake Hussein. Babu yake, Mshia mtoto wa Mshia, alipitisha maji mbele ya watu wenye kiu wa mji huo, akawapelekea waliowazuia. Na baada ya wiki mbili jina lake litatundikwa juu ya meza ya maji, Karbalai, na watu watasimama chini yake kunywa. Akiandika kweli, babu ataaibika mbele ya jumuiya nzima na dada yake hatainua uso. Akiandika aliyoambiwa, atakuwa ameandika uongo, na uongo wenyewe juu ya maji ya Muharram.

Akampelekea Masoomah karatasi, ikiwa wazi mkononi.

"Umeifungua!" Masoomah akapiga kite. "Ali, umeifungua dua ya babu!"

"Si dua, dada."

Akamsomea. Akamweleza ya Sahib yote, mpaka wale watoto na kuta za mitungi. Masoomah alimsikiliza amefumba macho.

"Unafurahi sasa?" alisema mwishowe. "Tangu utotoni, pua yako haitulii. Sote tumepita juu ya jambo hili salama salimini miaka mia moja, umekuja wewe na kioo chako."

"Sikuwa natafuta aibu. Nilitaka kujua alikula nini."

"Haya, umejua."

Masoomah akamimina chai. Chai ikapoa. Kisha Masoomah akasema, kama anazungumza na kikombe, "Hakuwahi kujiita Karbalai. Unajua hilo? Watu wakimwita, aliitika, lakini mwenyewe hakulitamka. Niliwahi kumuuliza kaburi la Imam likoje. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Akanambia, 'Muulize aliyeingia.' Nikadhani ananitania."

"Mimi nakumbuka siku ya Ashura," Alimohamed alisema. "Anamimina tu. Watu wanamwambia Merali, kunywa na wewe, hataki. Mpaka jua lizame."

"Tulisema ucha Mungu." Masoomah akaichukua ile karatasi, akaigeuza nyuma na mbele. "Mtu mwenye hatia, Ali. Maskini. Mtu na nyumbu wake, ameshika kamba, na hana ruhusa ya kusimama."

"Nimwambie Zulfikar nini?"

"Andika alikuwa mchunga nyumbu wa Mwingereza. Andika Najaf. Andika na waya."

"Watasema, dada."

"Waseme. Watakuwa wamekunywa maji yake kwanza." Akajifuta pua. "Na lile neno Karbalai lifute. Merali tu linatosha. Huyo Mwiraki wako, umemwambia?"

"Bado."

"Mtu amekupa habari za bibi yake, nawe umemficha babu yako! Ondoka. Asije akasoma ukutani."

Alimohamed akapanda tena mabasi mawili. Dukani hapakuwa na wateja. Alisimama mbele ya kaunta kofia mkononi, akasema yote bila kupumzika: jina, nyumbu, safu ya maji, cheti, ubao. Akaiweka ile karatasi juu ya kaunta yenye unga.

Sahib hakuigusa. Akageuka, akatia mikate tanurini, akafunga mlango wake, akakaa ameupa mgongo mlango wa duka. Alimohamed, ambaye hajawahi kumaliza dakika bila kuuliza, alisubiri.

"Bibi yangu aliwaapiza wale wachunga nyumbu," Sahib alisema hatimaye, bila kugeuka. "Kila siku ya Mungu, hadi alipokufa. Alifikiri wote ni watu wasiojua pale ni wapi."

"Huyu alijua."

"Ndiyo. Huyu alijua." Akachomoa mikate, akaipanga. "Sijui, rafiki yangu, ni lipi baya zaidi."

"Nami sijui," Alimohamed alisema.

Sahib akajipangusa mikono, akaivuta karatasi karibu, akainama kuisoma. Aliisoma polepole, kidole juu ya kila neno. Alipofika kwenye Najaf alisimama hapo.

"Ubao unatundikwa lini?" aliuliza.

"Mosi Muharram. Saa kumi na moja jioni."

"Acha nafasi chini," Sahib alisema. "Bibi yangu aliitwa Fadhila. Aliwaona kutoka darini. Andika na hilo."

Alimohamed akaomba kalamu.