Mitetea ya Mayu Ngolo

Siku yangu ya kwanza kazini Maswa nilifika nikitarajia ng'ombe. Afisa Mifugo wa Wilaya, mtu mzima asiye na haraka, alinipeleka kwenye banda la kuku nyuma ya ofisi, akaniwekea kifaranga mkononi na kuniuliza kama ni jogoo au mtetea. Nikasema sijui. Akasema kwa kifaranga wa umri ule hilo ndilo jibu, nisione haya kulirudia.

"Ukishatamka wewe, Bibi Mifugo, watu watachinja kwa neno lako."

Alinifundisha kungoja. Kwanza hutazamwa upanga, ile nyama ya kichwani, ambayo kwa jogoo hukua na kuwa nyekundu mapema. Miguu yake nayo huwa minene. Lakini shahidi wa kuaminika ni manyoya ya mgongoni, karibu na mkia: ya jogoo huchongoka, ya mtetea huviringika nchani.

Nilipohamishiwa Bariadi, biashara ilikuwa imeshafunguliwa kwa watu binafsi. Vifaranga ambao zamani tuliwapata serikalini sasa waliletwa na wafanyabiashara kutoka Mwanza, kila mmoja akiapa kwamba wake ni wa mayai. Mayu Ngolo, yaani Mama Ngolo kwa Kisukuma, mjane aliyeongoza kikundi cha akina mama, aliwashawishi wenzake wapunguze pamba msimu ule, wanunue vifaranga hao wafuge. Kuku walipofikisha miezi miwili, panga zikawa nyekundu karibu banda zima. Mchuuzi mmoja wa sokoni akawaambia wameuziwa majogoo watupu, akajitolea kuwanunua kuku wote kesho yake. Akina mama wenzake wakaanza kumpita Mayu Ngolo bila salamu.

Mkuu wangu wa Bariadi alitaka nitoe jibu siku ileile, akina mama wasiendelee kulisha hasara. Nikawashika kuku mmoja mmoja. Walikuwa wa ile aina nyeupe, nyepesi, ambayo hata mitetea yake huota upanga mkubwa. Manyoya ya mgongoni yalikuwa hayajakamilika. Nikamwambia Mayu Ngolo asiuze.

"Una hakika, mwanangu?"

"Sina, mayu. Ndiyo maana nasema tungoje."

Akangoja, akiwalisha pumba na mabaki ya dagaa wa Lamadi. Mimi nikarudi baada ya wiki kadhaa, manyoya yalipokamilika. Nilimgeuza kuku wa kwanza: manyoya ya mviringo. Wa pili, vilevile. Kabla sijafika nusu ya banda nilikuwa nacheka peke yangu. Majogoo walikuwemo, wachache, wa kitoweo tu. Mayu Ngolo alikaa juu ya debe, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Wenzake wakaja kumshika mkono, mmoja baada ya mwingine.

Sasa nimestaafu, naishi Nyalikungu, pale Maswa. Vijana hunitumia picha za vifaranga kwa simu wakitaka jibu papo hapo. Nawaambia wanitumie tena wakikua. Wengine hukasirika, nami huwaacha wakasirike.

Mayu Ngolo aliuza mayai hadi uzeeni. Kila nilipopita kwake hakuniuliza habari za kuku. Aliniuliza kama nimekula, na kabla sijajibu alikuwa ameshaweka sufuria jikoni.