Mbuzi Aliyepelekwa Kuchagua Uzio

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ipagala, mama mmoja akaingia akivuta mbuzi kwa kamba.

"Shikamoo, mama. Mbuzi abaki nje," alisema muuzaji.

"Marahaba. Huyu ni wa jirani, ndiye anayemaliza mchicha wangu. Lete nyavu zako za chuma, leo achague mwenyewe."

Muuzaji akausifia wavu wa matundu mapana. "Huu hata sungura hapiti!"

Mama akaweka fungu la mchicha alilokuja nalo upande wa pili wa wavu. Mbuzi akapenyeza kichwa, akatafuna.

"Hata sungura, eeh?" mama akauliza taratibu.

Tukaunyanyua wa matundu madogo, muuzaji huku, mimi kule. Mbuzi akasukuma pua, akashindwa. Mama akapiga kigelegele, akaachia kamba ili afungue pochi. Mbuzi akapanda mifuko ya saruji, akaruka juu ya wavu, akatua kwenye mchicha.

Mama akafunga pochi. "Mwanangu, mrefu zaidi ya huu upo?"

Sisi wengine tukinunua uzio humwuliza muuzaji, ambaye hajawahi kuiba mchicha hata siku moja.