Mataji ya Waliotoka Mbali

Mwezi uliopita tulimzika, huko juu milimani Upare, mama mmoja jirani yetu ambaye wengi wenu hamkumjua. Habari zilinikuta dukani Same mjini. Binti yake, yule aliyebaki naye nyumbani, ndiye aliyenipigia simu. "Kaka, mama amelala," alisema, nami bila kufikiri nikamuuliza kama amekula kwanza, maana tangu augue chakula kilikuwa vita. Akarudia taratibu, kama anavyosema mtu na mtoto, "Amelala, kaka." Hapo nikaelewa. Niliweka chini nilichokuwa nimeshika, nikatoka nje nikasimama juani.

Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili usharikani kwetu, na kila Desemba aliwakatia mataji ya karatasi watoto walioigiza mamajusi. Vipande vilivyobaki alivipeleka nyumbani kupamba meza ya Krismasi, na huko ndiko ulikoanzia utaratibu ambao sijauona nyumba nyingine yoyote. Biblia, alikuwa akisema, haikututajia mamajusi walikuwa wangapi. Imesema tu walitoka mashariki, na mashariki ni mbali. Basi kila aliyetoka mbali kuja kula Krismasi kwake alihesabiwa majusi, na alikuta taji lake limesimama juu ya sahani. Alilikata kwenye kalenda iliyomaliza mwaka, akalizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti za majani ya chai, akaligandisha kwa uji wa ngano. Kwa kuwa ukungu wa kule hulegeza karatasi, mataji yote yalitundikwa jikoni juu ya mafiga mpaka siku yenyewe, ndiyo maana sisi wafalme wake tulinuka moshi.

Ncha za taji zilifuata safari ya mtu. Wa Dar es Salaam alipata taji lenye ncha kuzunguka kichwa kizima. Mimi wa Same nilipewa ncha moja, tena kwa kunung'unikiwa. "Same ndiyo mbali?" aliniuliza. "Nikisimama kwenye migomba yangu nayaona mabati yenu." Mkwe wake, mtu wa Ugweno, mwaka mmoja alidai haki yake. "Mama, mimi nimeshuka mlima mzima, nikapanda mwingine." Naye akamjibu kwa heshima zote, "Ndiyo, baba. Umeshuka wa kwenu, ukapanda wa kwetu. Hujaenda popote." Tulicheka mpaka pilau ikapoa, na mkwe akala kichwa wazi.

Siku hizo barabara ya mlimani ilijaa magari kila Krismasi, yakizama kwenye tope la vuli na vijana wakiyasukuma kwa kelele. Sijui ni lini hasa yalianza kupungua. Mwaka mmoja alikosekana mmoja wa watoto wake wa mijini, uliofuata wakakosekana wengine, na maneno ya simuni yakawa yaleyale: mama, mwaka huu mambo yamebana, mama, watoto wana masomo ya ziada, mama, tutakuja Pasaka. Na yeye akaendelea kukata. Macho yalipofifia na mkono ukaanza kutetemeka, mkasi ulihamia kwa binti yule aliyebaki. Mama alitaja jina na mji, binti akakata ncha. Akawakatia ndugu zake mataji mwaka baada ya mwaka, baada ya kulima tangawizi, kukamua ng'ombe, na kumwogesha mama.

Sitasahau Krismasi ambayo hakuja hata mmoja. Nilipita kusalimia baada ya ibada, nikamkuta mama ameketi kwenye meza ndefu iliyoandaliwa yote, kila sahani na taji lake, na viti vitupu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Kaa, wako njiani." Tulikaa. Ukungu uliingia mlangoni, na mataji yakaanza kuinama moja baada ya jingine. Binti alipita nyuma yetu akiyanyoosha kwa vidole. Ili kuichangamsha ile hali nikamtania, "Na wewe dada, lako liko wapi?" Akacheka. "Mimi nimetoka jikoni, kaka. Jikoni si mbali." Mama naye akacheka. Alimpenda sana binti huyu, nawaapia, lakini sheria ya meza yake ilikuwa sheria.

Kwenye mazishi walikuja wote. Magari yalipanga mstari kutoka kanisani mpaka kwenye mto, na kaburi likafunikwa maua ya plastiki mpaka udongo haukuonekana. Tulipokwisha kula, kaka mkubwa aliyaona mataji ya mwaka huu yakining'inia jikoni, tayari yamekatwa. Akayashusha, akawagawia ndugu zake wavae kwa heshima ya mama, na wajukuu wakapiga picha. Walilia kwa uchungu wa kweli, siwezi kuwasema vibaya. Kila mtu alipata la kwake, na mataji yakaisha. Binti aliyeyakata alikuwa anapita katikati yao na jagi la maji ya kunawa, kichwani ana kitambaa cha msiba, na hakuna aliyemtazama. Kesho yake mchana ua ulikuwa mtupu.

Tangu siku hiyo nimekosa furaha. Sisi tulioondoka tumejijengea desturi ya kupokewa. Tunachinjiwa, tunapambiwa, tunapewa kiti kizuri, kwa sababu tu tulikuwa mbali. Aliyekuwepo siku zote, aliyeshika mkono wa mgonjwa, tunamwambia alete maji. Ningependa kuwaandikia kwamba jambo hili litarekebishika. Siamini. Milima yetu inabaki na wazee na mtu mmoja mmoja wa kuwatunza, na wazee wakimalizika, huyo mmoja naye hana tena wa kumbakiza.

Juzi nilimkuta binti huyo stendi ya Same, na begi moja, akisubiri basi la Dar es Salaam. Nilishtuka. "Dada, unaondoka wakati watu ndio wanarudi nyumbani?"

"Wanarudi kwa nani, kaka? Nimefunga nyumba. Ng'ombe nimemwachia jirani."

"Na utarudi lini?"

Alitazama upande wa milima, iliyokuwa imefunikwa mawingu. "Krismasi nyingine, Mungu akipenda. Nami nije nitoke mbali."

Alisema kwa tabasamu, kama mtu ambaye hatimaye amepata zamu yake. Basi likaja, akapanda, akanipungia mkono dirishani. Mimi nilibaki nimesimama pale stendi. Jamani, mlio na mtu wa namna hii nyumbani, mpambieni sahani yake Krismasi hii, angali jikoni. Kwa huyu wetu tumechelewa. Atakapopanda ule mlima mwakani, majusi halali wa ncha zote, hatakuta taji mezani, kwa sababu mikono pekee iliyobaki inayojua kulikata ni yake.